Zima Moja Tuone

Sijawahi kukutana na mkuu wa TEHAMA asiye na njia ya pili. Muulize wa benki, wa hospitali, wa halmashauri, wa kampuni ya mabasi. Wote watakufungulia mchoro wenye mistari miwili iendayo intaneti, mmoja wa buluu na mwingine mwekundu, seva mbili zinazotazamana, na pembeni kijipicha cha jenereta. Mchoro huwa mzuri. Swali ninalowapelekea wasomaji wa toleo hili halihusu idadi ya mistari hiyo. Nauliza hivi: huo wa buluu mliuzima lini mara ya mwisho, saa za kazi, wateja wakiwa kwenye foleni?

Wengi hapo hutazama pembeni. Wachache hucheka, wakidhani natania.

Toleo zima tumeligawia mifumo ya akiba kwa sababu ukanda wetu umeshaumwa na jambo hili zaidi ya mara moja, na kila mara maelezo yanayotolewa ni yale yale: waya umekatika baharini, poleni, mafundi wako njiani. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaishia pale ambapo habari ndiyo kwanza inaanza.

Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kaskazini mwa Durban, pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ikabaki na intaneti ya kuokoteza. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji, Madagaska na Mayotte nazo ziliguswa, kila moja kwa kiasi chake. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akihangaika kutuma oda kwa WhatsApp Jumatatu ile hakuwa na habari na Durban, na hana sababu ya kuwa nayo. Sisi tunaoishi kwa kazi hii ndio tuliopaswa kushtuka. Waya ukikatika kule kusini kabisa, Dar es Salaam inazimikaje, ilhali mikongo yote miwili ina mkono unaopanda kaskazini?

Jibu liko miezi mitatu nyuma. Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi karibu na mlango wa Bab el-Mandeb. Mabaharia walishusha nanga, wakaihama meli. Meli ikaelea kwa siku kadhaa ikiburuta nanga hiyo chini ya Bahari ya Shamu, na inaaminika hiyo ndiyo iliyokata mikongo mitatu tarehe 24, SEACOM ukiwa mmojawapo. Kuuunga kukawa kazi ya miezi, maana eneo ni la vita na Yemen ina serikali mbili zinazodai haki ya kutoa kibali. Mwezi Mei ulipofika, SEACOM ulikuwa bado haujaungwa. Data za Afrika Mashariki zilizokuwa zikipita Bahari ya Shamu kwenda Ulaya ziligeuzwa, nyingi zikashushwa kusini na kuzungushwa kupitia Afrika Kusini.

Yaani mfumo wa akiba ulifanya kazi. Mzigo ulihama, na wateja wengi hawakuhisi kitu. Ninachokilalamikia ni yaliyofuata baada ya kuhama: akiba ilikuwa imekwisha kugeuka njia kuu, nyuma yake hapakuwa na cha kutosha, na aliyeko kaunta hakuambiwa. Tulikaa miezi karibu mitatu tukijiona salama kwa sababu tu ukurasa unafunguka.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Februari 2012 mikongo mitatu, EASSy ukiwemo, ilikatika Bahari ya Shamu. Mzigo ukahamishiwa TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa kwenda Fujairah. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ikatupa nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS nao. Ni kisa kile kile, na kati yake na cha 2024 ipo miaka 12. Kilichobadilika ni kwamba Kenya sasa ina mikongo mingine kama LION2, DARE1 na PEACE, ndiyo maana mwaka 2024 haikuzama kama jirani yake.

Hesabu ya jambo hili ni ya darasa la nne. Una njia mbili, kila moja ina uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, na kila moja unaipitishia 6. Kwenye mchoro una njia mbili. Moja ikianguka, 12 inataka kupita kwenye 10. Usidhani watakaoumia ni wale wa zile 2 zilizozidi. Foleni hujaa kwa wote, vifurushi vya data hudondoka, kompyuta huvituma upya na kuzidisha msongamano, na mfumo wa malipo unaohitaji jibu ndani ya sekunde chache huamua kwamba jibu halipo. Mwenye njia mbili hapaswi kuzijaza zaidi ya nusu. Mwenye tatu zinazolingana anaweza kufika theluthi mbili. Hapo ndipo mhasibu anapoitazama grafu na kuuliza kwa nini tunalipia kitu kinachotumika kwa asilimia 40. Mhasibu hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba ile asilimia 60 inayoonekana imekaa bure ndiyo bidhaa tuliyoinunua.

Kisha kuna uwili wa jina tu. Ofisi inanunua intaneti kwa kampuni mbili, ina mikataba miwili na ankara mbili, na inaamini imejikinga. Kumbe kampuni zote mbili zimekodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, uliolazwa kwenye mtaro mmoja kando ya barabara inayopanuliwa. Kijiko cha mkandarasi hakisomi mikataba. Mteja anayetaka kujua ukweli aombe ramani ya njia, mita kwa mita, kuanzia ukutani kwake hadi kituo cha kutua cha mkongo wa baharini. Akiambiwa ni siri ya biashara, amekwisha kupata jibu.

Uwili wa jina hauko kwenye nyaya tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika ndani ya dakika moja. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupimia mwelekeo, kikuu na cha akiba. Kikuu kilishindwa kwa sababu namba kubwa ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ndogo, kasoro iliyokuwemo katika programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Kompyuta ya roketi ikageukia kifaa cha akiba, ikakuta kimeshakufa milisekunde 72 kabla, kwa kasoro hiyo hiyo. Vifaa vilikuwa viwili, programu moja. Ukinunua seva mbili za aina moja, zenye toleo moja la programu, ukazipa sasisho usiku mmoja, ujue ulichozidisha ni vyuma.

Twende chumba cha jenereta, maana huko mambo yanaonekana kwa macho. Umeme wa gridi ukikatika, kile kisanduku ambacho mafundi wetu wanakiita chenjiova hakikurupuki. Husubiri kidogo kuhakikisha kwamba umeme haukukonyeza tu, kisha hutuma amri. Betri inazungusha stata, injini inashika, volti zinatulia, ndipo mzigo unahama. Muda wote huo, pengine sekunde 10 au 15, seva zinashikiliwa na betri za UPS. Kila kiungo hapo kinaweza kuviangusha vingine. Betri ya stata ikifa, nayo ni kitu cha bei ndogo humo chumbani, jenereta la mamilioni linabaki pambo. Au valvu ya mafuta ilifungwa wakati wa matengenezo, ikasahaulika. Au fundi aliacha swichi kwenye mkono badala ya otomatiki, akaenda zake. Niliwahi kusoma daftari la majaribio lililoning'inizwa kwenye mlango wa chumba kama hicho: kila Jumatatu imeandikwa OK, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, hata Jumatatu ya Pasaka ambayo ofisi nzima ilikuwa imefungwa.

Na pale linapowashwa kweli, mara nyingi huungurumishwa dakika chache bila mzigo wowote, likazimwa. Hilo halitoshi kuwa jaribio. Injini ya dizeli isiyobebeshwa mzigo haifikii joto lake, haichomi mafuta yote, na masizi ya majimaji hujazana kwenye njia ya moshi. Ukifanya hivyo mwaka mzima umelidhoofisha jenereta kwa jina la kulitunza. Usiku wa Ijumaa ya 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta lililohudumia majengo ya abiria ya 1A na 1E katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta halikuwaka. Wasafiri walikaa gizani wakimulikana kwa simu. Waziri aliomba radhi, mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa. Uwajibikaji ni jambo jema, lakini mkurugenzi mpya anarithi betri zile zile.

Ipo sehemu ya kazi hii isiyo na moshi wala kelele, nayo ni kugundua kwamba kitu kimekufa. Ruta mbili zinazobadilishana njia za intaneti hupeana salamu za kuthibitisha uhai. Kwenye ruta za Cisco, usipogusa mpangilio, salamu hiyo huenda kila baada ya sekunde 60, na mwenzako hutangazwa amekufa ukipita ukimya wa sekunde 180. Ikiwa waya umekatika mbali, huku taa ya upande wako bado ni ya kijani, kwa dakika tatu nzima unamwaga data za wateja shimoni, na ile njia ya pili imekaa inasubiri amri. Zipo mbinu za kugundua ndani ya sekunde moja. Nimekuta taasisi zinazolipia njia mbili kwa miaka bila yeyote kuzigusa namba hizo.

Haraka nayo ina ubaya wake. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ilipoteza mawasiliano na kituo chake kikuu cha data cha mashariki mwa Marekani kwa sekunde 43. Programu ya kuchagua kiongozi ikaamua mashariki kumekufa, ikakabidhi hifadhidata kwa vituo vya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa umeandika mambo ambayo mwenzake hana. Mafahali wawili zizi moja. Kuyapatanisha kulichukua saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 za kukatika zingesahaulika kabla ya chakula cha jioni. Uhamaji wenyewe ndio uliokula siku nzima.

Kwa hiyo sisemi kila kitu kihame chenyewe, wala kwamba pesa nyingi zitatuokoa. Nasema njia ya akiba ambayo haijawahi kubeba mzigo halisi, siku ya kawaida, mafundi wakiwa macho, isihesabiwe. Netflix walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kuandika programu, Chaos Monkey, inayochagua seva hai bila mpangilio na kuiua, tena saa za kazi, ili kasoro ijitokeze watu wakiwa ofisini. Kwetu mazoezi ya namna hiyo, yakifanyika kabisa, hufanyika saa nane za usiku Jumapili, mzigo ukiwa haba, na ripoti ikasema tumefaulu. Umefaulu kuhamisha mtandao usio na watu.

Naujua ubishi unaokuja. Meneja atasema akizima njia kuu saa nne asubuhi na ya pili ikakataa, kazi hana. Kwa mpangilio tulio nao, ana haki ya kuogopa: tunamwadhibu anayegundua kasoro na kumpandisha cheo aliyeifunika. Hospitalini ni kweli huwezi kuvuta swichi ya chumba cha wagonjwa mahututi ili tuone. Huko zoezi huanza na mzigo wa kuiga, kisha maabara, kisha jengo la utawala, na madaktari hujulishwa mapema. Ila mahali pengi, tukisema ukweli, kinachozuia zoezi ni kwamba mwenye mfumo tayari anajua jibu.

Ombi letu kwa wasimamizi wa sekta, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ni dogo. Wanapomuuliza mtoa huduma ana njia ngapi, wamwongezee maswali matatu: tarehe ya zoezi la mwisho, kiasi cha mzigo uliohamishwa, na dakika zilizopotea. Majibu yachapishwe. Benki zitaanza kuyasoma kabla ya kusaini mikataba, na hapo mhasibu wa mtoa huduma ataielewa ile asilimia 60 bila kufundishwa na mtu.

Makala zilizomo humu zinatofautiana nami sehemu kadhaa. Mwandishi wetu wa mambo ya hifadhidata hataki kusikia kabisa habari ya uhamaji wa otomatiki, na nimemwachia kurasa sita aeleze. Wa mikongo anaona tiba si mikongo zaidi, ni kuweka seva nyumbani, ili ujumbe wa Ilala kwenda Temeke usivuke bahari mbili, hapo tunakubaliana. Nasi hatutawasimamia wengine tukiwa tumekaa. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne kamili asubuhi, njia kuu ya ofisi hii itazimwa kwa saa mbili, na matokeo tutayachapa toleo lijalo yalivyo. Atakayetuma barua pepe muda huo asipate jibu, atakuwa amelipata kabla ya wengine.