Mkali na Mnyonge ni Mtu Mmoja

Safari hii ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Tunataka kuzungumzia afya ya mwanaume, na si ya mwili wake tu bali ya moyo wake. Yaliyomo moyoni mwa baba ndiyo mara nyingi huamua nani nyumbani atatibiwa mapema, nani atachelewa, na nani atalala akilia. Sisi wauguzi tunayaona matunda yake wodini, matamu na machungu.

Maoni yetu ni haya. Katika familia nyingi tunamtambua baba mbaya wa aina moja tu, yule mkali anayepiga na kutukana. Huyo tunamsema katika jumuiya, tunamwitia wazee, pengine tunamshitaki. Lakini yupo mwingine ambaye hatumsemi kabisa, tena humsifu kwamba ni mpole: baba asiyeamua neno, asiyeuliza, asiyejua wanawe wamelala na njaa au wameshiba. Sisi tunasema ugonjwa wa hawa wawili ni mmoja, wenye pande mbili, na mara nyingi pande zote mbili zimo ndani ya mtu yule yule.

Fikra hizi zatoka wapi?

Carl Gustav Jung alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1875, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Mwaka 1900 alianza kazi katika hospitali ya Burghölzli mjini Zürich. Kwa kuwasikiliza wagonjwa na ndoto zao, aliona kwamba picha zile zile huwajia watu wasiofahamiana kabisa: mama, shujaa, mzee mwenye hekima. Picha hizo aliziita akitaipu, yaani sura za asili, naye aliamini kuwa ni urithi wa wanadamu wote. Alifundisha pia kwamba kila mtu ana kivuli, ile sehemu ya nafsi yake asiyopenda kuiona, naye huisukuma nyuma. Kivuli hakiondoki kwa kukataliwa. Humfuata mwenyewe na kumtawala bila yeye kujua.

Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Robert Moore na Douglas Gillette, walichapisha kitabu juu ya mwanaume aliyekomaa, wakijenga juu ya mafundisho ya Jung. Walisema zimo ndani yake nguvu nne: Mfalme, Askari, Mjuzi na Mpenzi. Ile ya tatu wao waliipa jina ambalo kwetu lingekaribia "mchawi", lakini walimaanisha mtu mwenye elimu au ufundi ambao wengine hawanao, kama mhunzi au tabibu. Ndiyo maana sisi tunamwita Mjuzi, tusije tukapotoshana. Kila nguvu, walisema, ina nuru yake, na kivuli chake kina ncha mbili: ncha ya kuzidi na ncha ya kupungua.

Nguvu nne na vivuli vyake

Mfalme huweka utaratibu, hugawa kwa haki, na huwabariki walio wadogo. Baba anayemwambia mtoto, "Umefanya vizuri, mwanangu," anafanya kazi ya Mfalme. Kivuli chake upande mmoja ni Dhalimu, ambaye kila fanikio la mke au mtoto huliona kuwa ni tishio kwa kiti chake. Upande wa pili ni Mnyonge, ambaye amekiacha kiti kitupu na kutokomea zake.

Askari ana nidhamu, huvumilia, hulinda. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa zake miezi sita bila kukosa hata siku moja ni askari kweli kweli. Kivuli chake ni katili anayefurahia kuumiza wengine, na kwa upande wa pili ni yule anayekubali kukanyagwa. Huyu humeza matusi ya kazini mwaka baada ya mwaka, kisha siku moja huyatapika nyumbani kwa wasio na kosa.

Mjuzi hutafuta kujua na hufundisha wengine. Kivuli chake ni mjanja anayetumia anachokijua kwa faida yake, kama mume aliyepima, akajua ana virusi vya UKIMWI, akamficha mkewe. Upande wa pili ni anayejifanya hajui. Anaona damu kwenye mkojo, anasema ni uchovu tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mpenzi si wa kitandani tu. Ni ile nguvu ya kufurahi, kuonja chakula na kushukuru, kuimba, kumbeba mtoto, hata kulia msibani. Kivuli chake ni mtumwa wa tamaa, ambaye hashibi pombe wala wanawake. Upande wa pili ni aliyepoa, ambaye hana hamu na kitu chochote. Tunaomba familia ziwe macho sana na huyu aliyepoa. Ikiwa hali hiyo imedumu zaidi ya majuma mawili, halali vizuri, hali, au anasema heri afe, msimwite mvivu. Huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Mleteni hospitali upesi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, katika kila wanaume 100,000 duniani, 12.6 walikufa kwa kujiua. Kwa wanawake ilikuwa 5.4. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Fimbo moja, ncha mbili

Msomaji atauliza: mkali na mnyonge watakuwaje kitu kimoja? Mtazameni mfalme Daudi. Alikuwa mfalme, askari na mshairi. Ni wachache waliokuwa na nguvu nyingi kama yeye. Lakini katika Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 11, anamchukua mke wa Uria, kisha anamwagiza Uria akauawe vitani. Hapo ni Dhalimu. Sura mbili mbele, binti yake Tamari anabakwa na kaka yake Amnoni. Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi lolote. Hapo ni Mnyonge. Kwa ukimya huo Absalomu alilipiza kisasi mwenyewe kwa kumwua Amnoni, na baadaye akamwasi baba yake. Wahubiri wengi hututajia dhambi ya Uria. Ni mara chache tunasikia habari ya ukimya wa Daudi juu ya Tamari, ingawa nao ulimwaga damu.

Ndivyo ilivyo majumbani. Mara nyingi anayepiga kelele hujiona moyoni kuwa hafai kitu, na kelele zile ni za kuficha woga. Naye anayenyamaza huweka akiba ya hasira hadi siku ya siku. Kwa hiyo kumtibu mkali kwa kumfanya mnyonge si tiba. Ni kuigeuza fimbo ile ile upande wa pili. Dawa ni mtu kukomaa.

Tunachokiona sisi

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya vifo vya akina mama wajawazito, wakaeleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa tatu unatuhusu sisi watumishi wa afya. Wa pili unahusu barabara, usafiri na umbali. Ule wa kwanza uko nyumbani. Nyumba moja, baba amesema mtu asitoke mpaka arudi. Nyumba ya pili, baba yupo, ameketi nje, akiulizwa anasema, "Mimi sijui, muulizeni mama yangu." Huyu wa kwanza tutamlaani, wa pili tutamhurumia. Lakini kwa mama anayetoka damu hakuna tofauti kati yao. Wote wawili wamemchelewesha.

Basi je, mwanaume huupoteaje Ufalme wake? Jung mwenyewe aliliona jambo hili huku kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akaenda hadi Mlima Elgon, akawa anazungumza na wenyeji kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba alimwuliza mzee mmoja, laiboni, habari za ndoto zake. Mzee akajibu kwa machozi kwamba zamani ndoto ziliwaonyesha vita, magonjwa na mvua. Lakini tangu Waingereza waingie, ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa mkuu wa wilaya ndiye ajuaye yote. Mzee yule alibaki na cheo, lakini kazi yake ilikuwa imechukuliwa. Wanaume wengi leo wako hivyo. Kazi imepotea, shamba limegawanywa, mafao ya kustaafu yamekwisha, naye alikuwa amefundishwa kwamba ufalme ni fedha tu. Fedha zikiisha, anabaki na njia mbili, kupiga meza au kutoroka kwenda kilabuni. Hakuna aliyemwambia kwamba kubariki, kulinda, kufundisha na kupenda havihitaji mshahara.

Majibu kwa wenye mashaka

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, hayapimiki maabara. Ni kweli, akitaipu haipimwi kama damu. Sisi tunaichukua kama kioo, si kama kidonge. Kioo hakiponyi kidonda, lakini humwonyesha mtu kidonda kilipo. Wengine watasema hata akina mama wana nguvu hizi. Nasi tunakubali kwa moyo wote. Wajane wangapi wamekuwa wafalme na askari wa nyumba zao!

Lakini jambo moja lieleweke vizuri. Kivuli si kisingizio. Mwanamke anayepigwa asiambiwe amngojee mumewe akomae. Aende mahali salama, apate matibabu, na wazee wa jumuiya wasimrudishe kwenye kipigo kwa jina la amani ya ndoa.

Kwenu akina baba, tunaomba kila mmoja ajiulize: katika nguvu hizi nne, ni ipi ninayoizidisha, na ni ipi niliyoiacha? Mwenye kupiga kelele aanze kwa kumbariki mtoto mmoja leo kwa kumtaja kwa jina. Mwenye kukaa kimya aanze kwa kuamua jambo moja: nauli ya kliniki iwekwe wapi, na nani aiguse mama akishikwa na uchungu usiku. Na wote wawili waje kupima shinikizo la damu na sukari kabla hawajaletwa kwa machela. Kwenu akina mama na wazee, msipimie upole wa mwanaume kwa ukimya wake. Ulizeni kama yupo.