Kuhesabu Mapigo na Kusikia Wimbo

Jioni moja muhula huu, semina ilipokwisha, wanafunzi wangu wawili walibaki darasani wakibishana juu ya wimbo wa roki. Wimbo wenyewe ni "Pyramid Song" wa bendi ya Radiohead ya Uingereza, uliotoka mwaka 2001. Mmoja alishikilia kuwa wimbo huo unakwenda kwa mapigo manne, kama nyimbo nyingi tuzijuazo, ila vidole vya mpiga piano vinakwepa mahali ambapo sikio linatarajia pigo. Mwenzake alipinga kwa ukali. Aliandika ubaoni 3, 3, 4, 3, 3, kisha akatamka kuwa asiyeyasikia makundi hayo hajui muziki. Mwanafunzi wa tatu, kijana mkimya aliyekuwa akikusanya madaftari yake, akauliza: "Lakini mbona unahuzunisha?" Wale wawili wakacheka. Nami, nakiri, nilicheka pamoja nao.

Kicheko kile kimenisumbua tangu siku hiyo. Ninaandika makala haya kwa sababu nimetambua kuwa swali la kijana yule lilikuwa gumu kuliko yote yaliyosemwa jioni ile, na kwa sababu tabia tuliyoionyesha haikomei kwenye muziki.

Tuanze na hesabu yenyewe. Jumla ya 3, 3, 4, 3 na 3 ni 16, na 16 hugawanyika kwa nne bila kubakiza kitu. Wabishi wangu walikuwa wakiyapanga mapigo madogo yaleyale kwa njia mbili, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Kipimo cha mapigo ni kanuni ya uandishi. Humwongoza anayesoma noti ajue ahesabu mangapi kabla ya kuanza mzunguko mpya na mkazo auweke wapi. Kwa wapigaji wanaotaka kuanza na kumaliza pamoja, kanuni hiyo ina manufaa makubwa. Hata hivyo, nyimbo nyingi za roki hutungwa kwa sikio na kwa mazoezi, na wenye kalamu huja baadaye kuzihesabu. Mpenzi wa muziki anaposahau mpangilio huo, huanza kuidhania karatasi kuwa ndiyo wimbo.

Hatua ya pili ya kosa hilo ni kupanga madaraja. Katika mabishano ya wapenzi wa roki, wimbo wa mapigo matano, saba au tisa huheshimiwa kabla haujasikilizwa, na wimbo wa mapigo manne hudharauliwa kabla haujasikilizwa. Bendi ya Marekani iitwayo Tool, ambayo wimbo wake "Schism" wa mwaka 2001 hubadilisha hesabu mara kwa mara, imekuwa kwa baadhi ya mashabiki kama cheti cha akili cha msikilizaji. Anayeipenda amefaulu, anayependa AC/DC, ambao wamejenga umaarufu wao juu ya mapigo manne yasiyoyumba, amefeli.

Ushahidi wa nyimbo zenyewe unakataa madaraja hayo. Wimbo "Money" wa Pink Floyd, wa mwaka 1973, una besi inayozunguka kwa mapigo saba. Lakini David Gilmour anapoanza kupiga gitaa lake peke yake, bendi nzima inahamia kwenye manne. Kama saba ingekuwa bora kuliko nne kwa asili yake, sehemu hiyo ingesikika kama anguko. Mimi husikia kinyume chake: wimbo uliokuwa ukichechemea unapata barabara pana na kukimbia. Nguvu iko katika uhusiano wa sehemu hizo mbili, na uhusiano huo hauonekani kwa kuzitazama tarakimu peke yake. Vilevile, tarehe 25 Juni 1967, Beatles waliimba "All You Need Is Love" katika matangazo ya televisheni yaliyopelekwa nchi nyingi kwa setilaiti. Beti za wimbo ule zina mizunguko ya mapigo saba. Watu wameuimba kwa miaka mingi harusini na mikutanoni bila kujua kuwa wanafanya jambo gumu.

Sisi Waafrika tuna sababu ya pekee ya kuutazama mjadala huu kwa tahadhari. Mwaka 1959, mmisionari na mtafiti A. M. Jones alichapisha kitabu chake "Studies in African Music". Katika kuziandika ngoma za Waewe, aliipa kila ala mistari yake ya kugawa mapigo, hata kurasa zikaonekana kama watu kadhaa wanaohesabu kila mmoja lake. Kazi yake ilikuwa ya bidii, na ilikuwa imejaa sifa kwa wapigaji. Lakini mwaka 1995 mwanazuoni wa Ghana, Kofi Agawu, aliandika kuikosoa dhana nzima ya "mdundo wa Kiafrika" kama kitu kilichobuniwa na maandishi ya watafiti. Katika kazi zake amesisitiza kuwa wachezaji wa ngoma wana pigo la pamoja linalowaongoza, nalo huonekana miguuni mwao. Aliyetaka kulijua alipaswa kuwatazama wanaocheza.

Somo ninalolipata hapo ni hili: kusifu ugumu kunaweza kuwa njia ya kumtenga anayesifiwa. Ukisema muziki wa watu fulani ni wa ajabu mno, umekwisha kuwaondoa katika ubinadamu wa kawaida, ambamo watu hucheza, huchoka na huomboleza.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaufahamu mgogoro wa namna hii. Kaluta Amri Abedi alitupa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na vizazi vimejifunza kwacho vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, akiandika bila kufungwa na vina na mizani, wapo waliouliza kama yale yalikuwa mashairi. Sidai kuwa sheria hazina maana. Mimi mwenyewe nafundisha kuzihesabu mizani. Ila nimesoma tungo zilizotimia mizani zote zisiniambie lolote, nawe msomaji, bila shaka, umezisoma.

Sasa nirudi kazini kwetu. Nimewahi kuipa alama za juu tasnifu iliyojaa istilahi nzito, na baada ya miezi nikashindwa kukumbuka ilisema nini. Nimewahi kukaa katika vikao ambamo taarifa ya kurasa nyingi iliwasilishwa kwa majedwali, na mtu aliyeuliza "Je, maji yatafika lini kijijini?" akatazamwa kama asiyeelewa mada. Mtumishi wa umma anayesoma haya anavijua vikao hivyo. Tarakimu zilikuwa sahihi na jedwali lilikuwa safi. Swali la maji likabaki pale pale, kama lilivyobaki swali la huzuni darasani kwangu.

Yapo mapingamizi ya haki. Msomaji anaweza kusema kuwa ninawapa wavivu kisingizio: kama kuhesabu si kitu, basi kila mmoja na aseme atakalo. Sikubali. Tazama jinsi hesabu ingeweza kumsaidia yule kijana. Mwanzoni mwa "Pyramid Song" tunasikia piano na sauti ya mwimbaji, na makundi yale ya tatu, tatu, nne yanalinyima sikio mahali pa kukanyaga. Ngoma haziingii hadi wimbo umekwenda mbali. Zinapoingia, ardhi inapatikana, lakini piano inaendelea na mwendo wake uleule wa kusitasita. Nadhani sehemu ya huzuni iko hapo. Hivyo wale wabishi walikuwa wameshika nusu ya jibu mikononi mwao. Waliikosa nusu ya pili kwa sababu walimcheka aliyeuliza swali lake.

Elimu inayohesabu ni lazima iwe tayari kuulizwa inahesabu kwa ajili ya nini, na iwe tayari kuulizwa na yeyote, hata asiyejua kuhesabu. Mwalimu anayecheka swali hilo anawafundisha wanafunzi wake kunyamaza, na wakihitimu watakwenda kuwanyamazisha wengine maofisini.

Juzi nilimwita kijana yule ofisini nikamwomba radhi. Alinijibu kwa adabu, "Yamekwisha, Mwalimu," akataka kuondoka. Nilimwomba aketi kwanza tuusikilize wimbo pamoja. Semina ijayo tutaianza kwa swali lake.