Laptopu Yako ya Gemu Ina Nguvu za Dakika Tano

Wasee, tuambiane ukweli. Shuleni tulifunzwa kwamba laptopu ni kipakatalishi, yaani kitu cha kupakata. Sasa hebu pakata hiyo yako ya gemu baada ya nusu saa ya mechi. Mapaja yataiva kama chapo.

Na hapo ndipo mambo huharibika. Dakika 5 za kwanza uko fremu 110 kwa sekunde, unajiona mfalme. Dakika ya 20 umeshuka hadi 45, adui anakumaliza kabla hujamwona, na wewe unalaumu neti. Maze, si neti. Si gemu. Ni joto.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii haihitaji digrii. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hivi, inajipunguzia kasi yenyewe ndiyo isiungue. Haijaharibika, inajiokoa. Shida ni kwamba wewe ulilipia ile kasi ya kabla haijaanza kujiokoa.

Chukua Core i7-12700H. Tangazo litakupigia kelele 4.7 GHz. Halikwambii kwamba chipu hiyo ilipangiwa wati 45 za kazi ya kawaida, na ikipewa nafasi inaruka hadi 115. Hiyo 4.7 ni mbio za mita 100. Gemu ni marathoni, na Mkenya hafai kufunzwa tofauti.

Kwa kadi ya grafiki ndiko tunachezwa zaidi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au 115, na jina ni lile lile. Ukiona imewekwa ndani ya laptopu nyembamba kama daftari, uliza hilo joto litapitia wapi.

Mnangoja nilaumu wauzaji? Hapana. Nataka kulaumu sisi wa kamera, na naanza na mimi.

Mwaka jana duka moja lilinipa laptopu niionyeshe. Niliipima dakika 3, imetoka tu kwa boksi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Nikasema, "Hii kitu ni moto!" Kijana mmoja wa Mombasa akaiamini ile video, akatoa 95,000 alizoweka akiba kwa kazi ya boda. Wiki mbili baadaye akaniandikia: "Bro, ulisema ni moto. Kweli ni moto. Siwezi kumaliza mechi."

Sikuwa na jibu. Nilifuta video, lakini kufuta hakukumrudishia doo zake.

Yeye anachezea kwa chumba cha mabati, saa nane mchana, nyuzi 32. Mimi nilipimia nyuzi 20. Hizo 12 za tofauti feni haiwezi kuzifuta, kwa sababu feni haitengenezi baridi. Inapuliza tu hewa iliyo hapo chumbani.

Najua kuna atakayesema laptopu zote hupata joto. Sawa. Magari yote pia hunywa mafuta, lakini huwezi niuzia gari ukinificha linakunywa ngapi.

Kwa hivyo kuanzia leo, kipimo changu ni dakika 30, chaja ikiwa kwa stima, bila kiyoyozi. Nitaonyesha fremu, nyuzi na wati za dakika ya 1 na za dakika ya 30. Ukiona msee yeyote wa video, hata mimi, ameonyesha za mwanzo pekee, muulize hapo kwa komenti: "Na dakika ya 30 je?" Uliza hadi ajibu.

Na wewe uliye dukani, usitume M-Pesa kabla gemu haijakimbia nusu saa ukiangalia. Muuzaji akikataa, ashakujibu. Beba pesa zako utoke.

Kama ulishanunua, usikate tamaa. Inua nyuma ya laptopu ipumue. Wacha kuchezea juu ya blanketi. Toa vumbi kwa feni, na kama ni ya mtumba, mpe fundi abadilishe ile pesti iliyokauka juu ya chipu. Halafu funga fremu kwa 60. Afadhali 60 zinazokaa hadi mwisho wa mechi kuliko 110 zinazokutoroka katikati ya vita.

Kijana wa Mombasa, kama unasoma hii, pole sana. Ulistahili zile dakika 27 nilizokuficha.