Goti Lililofichwa



Barua ya wiki hii imetoka Kamenu, mjini Thika, kwa dada yetu mzaliwa wa Mombasa aliyehamia huko na mumewe anayefanya kazi kiwandani. Mwanawe wa miaka 14 amejiunga na vijana wanaoruka kuta, ngazi na vyuma vya uzio, mchezo uitwao pakuri. Kijana hutoka shule, huenda madrasa, kisha huruka hadi sala ya Magharibi ikaribie. Jioni moja aliwaambia wenzake kwamba ataruka mara moja tu ya mwisho, ukuta ule ule aliouvuka mara nyingi siku hiyo. Mguu ukachelewa, akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono. Alipokuwa akifungwa bendeji ndipo ilipojulikana kwamba goti lake la kulia limekuwa likimuuma kwa wiki tatu. Mama anauliza kama amkataze mchezo. Lakini swali linalomchoma zaidi ni jingine: kwa nini hakumwambia?

Tuanze na mguu uliochelewa, kwa kuwa wengi wetu hudhani maumivu ni kero tu, na kwamba mwenye moyo huyashinda. Sivyo mwili ulivyoumbwa. Goti likiuma au likivimba, mishipa ya fahamu hupunguza amri zinazokwenda kwenye misuli ya paja, hata kama misuli yenyewe ni mizima. Wataalamu waliwahi kutia maji safi ya chumvi katika magoti yasiyo na jeraha ya watu waliojitolea, na misuli ya paja ikapoteza nguvu. Hakuna kilichochanika, goti lilijaa tu. Basi kijana wetu alikuwa akiukadiria ukuta kwa mguu aliokuwa nao mwezi uliopita, na akiuruka kwa mguu pungufu. Ushujaa haukuweza kumrudishia kilichopungua.

Uchovu nao una hila zake. Anayetua kutoka juu hutumia misuli ya paja kama breki: hunyooka huku ikibeba mzigo, na kazi hiyo ndiyo inayoiumiza kuliko kupanda. Maumivu yake hufikia kilele baada ya siku moja hadi tatu, kwa hiyo anayeruka Jumamosi huenda akaumwa zaidi Jumatatu. Misuli iliyochoka huitika kwa kuchelewa, magoti huangukia ndani wakati wa kutua, na mkono hukosa mahali pa kushika kwa upana wa kidole. Ongeza njaa, kiu na giza linaloanza kuingia. Ile mara ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote zilizotangulia, ingawa ukuta haukuwa umeongezeka hata inchi moja.

Mchezo wenyewe si uhuni, kama baadhi ya majirani wa dada yetu wanavyodai. Ulianzishwa Ufaransa na David Belle na wenzake, katika mji wa Lisses, kusini mwa Paris. Baba yake, Raymond, alikuwa mzima-moto, na jina lenyewe limetokana na njia ya vizuizi wanayofanyia mazoezi wanajeshi. Nasi tunakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.); mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baadaye, mwili wake ulipokwisha kuwa mzito, akashindwa. Hakuna aliyeona haya kwamba mwili umebadilika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili. Kijana huyu alijifunza wapi kuficha? Mtoto wa kiume akilia tunamwambia ajikaze. Tena anamwona mama akifua kwa mgongo unaouma na kusema si kitu, anamwona baba akirudi kazini na homa. Kisha anajua kwamba akitamka neno goti, mchezo utapigwa marufuku siku hiyo hiyo. Kwa maoni yetu, katazo halitalipumzisha goti. Litamfundisha kuruka mbali zaidi na nyumbani.

Afadhali dada yetu afanye naye mapatano. Akisema ukweli kuhusu maumivu, hatapoteza mchezo, atapumzika tu. Aache kuruka angali na nguvu, na siku ya madrasa ndefu afanye mazoezi ya kunyoosha viungo peke yake. Ramadhani asiruke kuta kabla ya kufuturu. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyezidisha saumu na kisimamo cha usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake; ikiwa ibada ina kiasi, sembuse ukuta.

Goti hatuwezi kulipima kwa barua. Katika umri huo wa kurefuka, wanaoruka sana mara nyingi huumwa kwenye kifundo cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, na kwa kawaida hupoa ukuaji ukikamilika. Lakini goti lililovimba, linalokwama, linalomfanya achechemee au linalomwamsha usiku halingojei. Wiki tatu zimetosha: aende naye hospitali wiki hii, na amwache kijana amweleze daktari mwenyewe, kwa maneno yake. Kisha atuandikie alichoambiwa, insha'Allah.