Jezi na kombe pekee havijengi mchezaji

Siasa zikipamba moto hapa Pwani, viongozi hugawa jezi na kombe. Si vibaya. Lakini mimi nauliza: mwalimu wa mazoezi ya nguvu analipwa na nani?

Vijana wetu hukimbia ufuoni hadi wakaloa jasho, kisha kwenye mechi wanaumia msuli wa nyuma ya paja. Kukimbia hujenga pumzi, lakini msuli pia wataka nguvu. Kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, nawe ukajishusha mbele polepole. Tafiti zimeonyesha hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu, na halina gharama.

Mpango wenyewe ni mwepesi: siku 2 kwa wiki, zisifuatane. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20. Anza na nusu, ongeza kidogo kidogo. Mechi ikikaribia, punguza. Ramadhani, fanyeni usiku baada ya kufuturu.

AFCON ya 2027 yaja Kenya, Uganda na Tanzania. Tusipozidai kaunti zetu makocha waliosomea kazi hii, vijana wetu watabaki jukwaani wakishangilia wengine.