Sarafu Mpya na Mashine Zisizoijua

Sarafu huwa halali kwa tangazo la Serikali, lakini mashine haisomi tangazo. Jambo hili lilidhihirika huko Uingereza mwaka 2017, na sisi tushikao funguo za sanduku la fedha na vitabu vya stakabadhi yatupasa kulitazama vema, maana kazi ifanywayo na mashine hizo ilikuwa kazi ya karani.

Tarehe 28 Machi 2017 ilitolewa pauni moja mpya yenye pembe 12, umbo lililowakumbusha wazee wa huko sarafu yao ya kale ya peni tatu. Sababu yake ilikuwa njema. Pauni ya mviringo, iliyotumika tangu 1983, ilikuwa imeghushiwa mno; Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Serikali, ilikadiria kuwa moja katika kila 30 ilikuwa ya bandia. Pauni mpya ilifanywa kwa madini ya namna mbili, ukingo wa rangi ya dhahabu na moyo wa rangi ya fedha. Uzito wake ni gramu 8.75, na ya zamani ilikuwa gramu 9.5, upana wake milimita 23.43, na ya zamani 22.5, tena ni nyembamba zaidi.

Mkononi mwa mtu tofauti hizo ni ndogo. Kwa mashine ni kubwa. Mashine haitazami sura ya Malkia. Sarafu huteremka mferejini, hupimwa upana na unene, hupitishwa penye nyaya za umeme zitambuazo madini yake, na vipimo visipolingana na vile ilivyowekewa, hutemwa nje. Wazee wetu waliijua senti kumi yenye tundu kwa kuipapasa gizani; mashine nayo hupapasa vivyo hivyo, ila haiwezi kumwuliza jirani.

Hatuwalaumu walioitoa sarafu. Mabadiliko yalitangazwa mwaka 2014, na watengenezaji wa mashine walipewa mapema sarafu za majaribio. Hata hivyo siku ilipowadia, ziko mashine zilizokataa pauni mpya, na ziko zilizokwisha kurekebishwa zikaikataa ya zamani, nayo ilikuwa halali hadi 15 Oktoba mwaka ule. Mwenye gari aliyetaka kulipia maegesho ilimfaa awe na pauni za aina zote mbili mfukoni, asijue ipi itapokelewa.

Je, hasara ya kuchelewa huko ni ya nani? Mwenye mashine ndiye aliyemwondoa karani dirishani ili apunguze matumizi. Karani angalipewa waraka saa moja asubuhi, na saa mbili angaliipokea sarafu mpya bila taabu. Twaambiwa kuwa kurekebisha mashine ni gharama kubwa, kwa kuwa mara nyingi fundi hana budi kuziendea moja moja. Ni kweli. Lakini gharama hiyo haistahili kutupiwa mlipaji, wala si haki atozwe faini kwa kukosa tiketi hali pauni halali i mkononi mwake.

Kwa hiyo twaomba kwamba popote itolewapo sarafu mpya, kila afisi itumiayo mashine za namna hii imweke mtu wa kupokea fedha kwa mkono hata mashine ya mwisho irekebishwe. Kila mashine ibandikwe karatasi itajayo sarafu izipokeazo. Na faini ya mtu ambaye fedha yake ilikataliwa ifutwe, bila kumlazimu aandike barua tatu kuiombea.