Mshahara mkubwa haulindi shingo ya mchezaji

Huko Marekani na Kanada, ligi kuu ya hoki ya barafuni, NHL, inalipa vizuri. Katika msimu wa 2025-2026, mchezaji anayepata kidogo kuliko wote analipwa dola 775 000. Kirill Kaprizov wa Minnesota amesaini mkataba mpya wa dola milioni 136 kwa miaka 8. Kwa kusikia hesabu hizo, wengi watasema: wanalipwa, basi wavumilie maumivu. Mawazo hayo ni ya hatari. Historia ya mchezo huo inaonyesha kwamba pesa zilipanda haraka, lakini usalama ulifuata nyuma polepole, na kila mara baada ya mazishi.

Hoki ya barafuni ni kazi ngumu. Watu wenye nguvu wanakimbia juu ya barafu wakiwa na viatu vyenye chuma kikali kama kisu, magongo mikononi, na kugongana mwili kwa mwili kunaruhusiwa. Tarehe 13 Januari 1968, Bill Masterton, mchezaji wa Minnesota, aligongwa akaanguka kichwa chini. Hakuwa amevaa kofia ya kujikinga. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na umri wa miaka 29.

Mtu angefikiri kwamba kesho yake kila mmoja angevaa kofia. Haikuwa hivyo. Ligi ilingoja hadi 1979 ndipo ikalazimisha kofia, tena kwa wachezaji wapya tu. Wa zamani waliachiwa wachague. Mchezaji wa mwisho asiyevaa kofia, Craig MacTavish, aliacha kucheza mwaka 1997.

Kwa nini mtu anayejua hatari anakataa kujikinga? Mwaka 1973, mwanauchumi wa Marekani Thomas Schelling alilieleza jambo hilo. Mchezaji akivaa kofia peke yake, anaogopa kwamba hataona vizuri kama wenzake, na kwamba watamwita mwoga. Lakini wote wakilazimishwa, hakuna anayepoteza kitu. Ndiyo maana watu wanaweza kuitamani sheria kimoyomoyo, huku kila mmoja akikataa kuanza.

Funzo hilo halijaeleweka hadi leo. Kioo cha kukinga macho kililazimishwa mwaka 2013, pia kwa wapya tu. Tarehe 28 Oktoba 2023, Adam Johnson, aliyewahi kucheza NHL, alikatwa shingoni na kiatu cha mpinzani katika mechi huko Sheffield, Uingereza, akafariki. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliamua kulazimisha kinga ya shingo katika mashindano yake. NHL na sendika ya wachezaji wamekubaliana kuilazimisha kuanzia msimu wa 2026-2027. Kwa nani? Kwa wapya tu, mara nyingine tena. Je, shingo ya mtu aliyecheza miaka kumi ni ngumu kuliko ya kijana aliyeingia jana?

Kuna pia majeraha yasiyoonekana. Derek Boogaard alicheza mechi 277 za NHL na kufunga mabao 3 tu. Kazi yake ilikuwa kupigana ngumi ili kuwalinda nyota wa timu. New York ilimpa mkataba wa dola milioni 6,5. Mwezi wa Mei 2011 alifariki akiwa na miaka 28, kwa kuchanganya pombe na dawa za maumivu. Waganga wa Boston waliopima ubongo wake waliukuta umeharibika kwa ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwani mara nyingi. Hata hivyo, mkubwa wa ligi, Gary Bettman, ameendelea kusema kwamba sayansi haijathibitisha uhusiano kati ya mchezo huo na ugonjwa huo.

Wachezaji wa zamani walishtaki. Mwaka 2018, ligi ilikubali kutoa dola milioni 18,9 kwa ajili ya watu 318, bila kukubali kosa. Msimu huo, timu moja tu iliruhusiwa kutumia milioni 79,5 kwa mishahara. Yaani vichwa vya watu 318 vilithaminiwa chini ya robo ya mishahara ya timu moja kwa mwaka mmoja.

Wenye timu wana lawama, lakini sendika nayo haiwezi kunawa mikono. Ted Lindsay alipojaribu kuunda umoja wa wachezaji mwaka 1957, Detroit ilimuuza Chicago. Sendika ya leo ilizaliwa mwaka 1967, na ndiyo iliyopigania mishahara hii. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kwa miaka mingi imetetea uhuru wa mchezaji kuchagua kujikinga ama kutojikinga. Uhuru huo ni wa jina tu, kwa sababu anayechagua ni mtu anayeogopa kupoteza nafasi yake.

Hofu hiyo inazidi pale mshahara ni mdogo. Katika ligi ya wanawake, PWHL, iliyoanza Januari 2024, kima cha chini kiliwekwa dola 35 000. Anayeishi kwa mshahara huo akiumia, ataficha maumivu ili asiondolewe katika timu.

Inayotakiwa sasa ni sheria moja kwa wote, wapya na wa zamani: kinga ya shingo, waganga wasioamriwa na makocha, na matunzo ya kudumu kwa walioumia. Wakongomani wengi wanaishi Montréal na Ottawa, na watoto wao wanakua katika nchi ambako mchezo huu unapendwa kuliko yote. Mtoto huiga anachokiona kwa nyota wake. Akiwaona wanacheza shingo wazi, ataacha kinga yake nyumbani.

Mshahara hulipa kazi ya mchezaji. Hauinunui roho yake.